Raifo ya doria inasumbua? Tafuta ugonjwa kwanza kabla hujaagiza vyuma vya ndani

Raifo ikimjamia mtu mara mbili tatu kule renji, swali la kwanza utaskia ni ninunue bolti gani (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi), triga gani nzuri, na ashafungua simu anaangalia bei za Marekani. Hapo tunaanzia mkiani. Raifo ya doria inalala kwa gari, inaning'inia begani, inakula jua na chumvi miezi na miezi, halafu siku moja usiyoijua inatakiwa ilie bila kubembelezwa. Ukiingiza chuma kipya ndani bila kujua ugonjwa ni upi, ugonjwa unabaki palepale na sasa umeongeza kitu cha pili ambacho hakijajaribiwa. Kwa hivyo hapa nitaenda kwa dalili, moja moja, na kila mahali nitasema wazi kama kuna kitu cha maana cha kubadilisha ama hakuna.

Nazungumzia AR ya 5.56, zile M4 na ndugu zake, manake ndizo spea zake zimejaa kila kona ya mtandao na ndizo watu wanashawishika kuzichokora. G3, raifo nyingine ya kijeshi, nitaigusa njiani kwa sababu wengi wetu huku tumeijua kabla ya hizi.

Na jambo la sheria tulimalize mapema. Bunduki ya kazi si yako, ni ya serikali ama ya taasisi iliyokupa, na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina mchezo kwa mtu anayechokora silaha bila idhini. Hata kule Marekani, ambako kuna idara zinaruhusu askari kubeba raifo yake mwenyewe, mara nyingi fundi wa silaha wa idara ndiye anayeikagua na kukubali kilicho ndani. Kwa hivyo kwetu sisi kuapgredi maana yake hasa ni kupeleka ombi kwa fundi wa silaha ukiwa na dalili zako umeziandika vizuri. Fundi akiambiwa tu "inajam" hana pa kushika, lakini ukimwambia "inaacha ganda ndani ya chemba, kwa magazini zote, baada ya kupata moto, na ukingo wa ganda umekatika" tayari ushamfanyia nusu ya kazi.

Kabla hujafungua chochote, toa magazini, vuta bolti, iache nyuma, angalia chemba (pale risasi inapokaa ikilia) kwa macho kisha ingiza kidole uhakikishe, na risasi zote zitoke hicho chumba. Usiseme najua haina kitu.

Chumvi, kabla ya dalili yoyote

Pwani hii chuma hakipumzi. Uwe Likoni, uwe Nyali, uwe unafanya kazi Kilindini karibu na maji, hewa yenyewe imebeba chumvi, na kusi ikivuma na mvua juu ndio kabisa. Mtutu wenye kromu ndani unavumilia, lakini vitu vidogo havivumilii: springi ya ekstrakta (ule ukucha unaovuta ganda), springi ya ejekta (inayolirusha ganda nje) na ile pini yake ndogo, pini ya triga, springi ndefu ya bafa (kile kizito kinachopokea bolti ikirudi nyuma) ndani ya lile bomba la kitako ambako maji huingia na hakuna anayekumbuka kufungua. Watu wanaangalia nje, nje inang'aa, ndani kwenye kitundu cha ejekta kuna uji wa kutu na kaboni.

Kesi ya sponji na ala ya ngozi zinanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha, usihifadhi raifo humo, ibebe tu. Mafuta ya kupikia usitie, yanaganda yakawa gundi. WD-40 inafukuza maji vizuri, lakini si mafuta ya kutegemea wiki nzima kazini, ukishafukuza maji pangusa kisha tia mafuta ya bunduki yenyewe. Bolti na karia yake (kile kibebeo chake) zinataka ziwe na unyevu wa mafuta unaouona kwa macho, hasa zile sehemu karia inapoteleza, ringi za gesi (zile pete za bolti zinazozuia gesi isivuje), na pini ya kamu, ile inayozungusha bolti. AR kavu ni AR inayokwama.

Ndio maana huwa nawaambia watu wanaotaka karia zile za rangi ya dhahabu ama nikeli, kwamba uzuri wake ni kusafishika kirahisi, basi. Ile ya kawaida ya fosfeti, nyeusi na mbayambaya, inashika mafuta vizuri mno. Kung'aa kwa karia hakutibu springi iliyokufa.

Inakwama inapolisha, mara moja moja, haieleweki

Risasi inagonga chini ya mdomo wa chemba, ama bolti inapita juu ya risasi ikaiacha, ama inalisha mbili kwa pamoja. Hapa sitaki hata kuskia habari ya bolti mpya kabla hujanambia ni magazini gani. Chukua maka peni, andika namba kwa kila magazini, na kila ikikwama andika namba. Kama shida inaandamana na magazini namba nne peke yake basi bunduki haina kosa. Midomo ya magazini za aluminiamu inapindika ikianguka kwenye saruji ikiwa imejaa, springi inachoka, kile kisukumio cha ndani kinalala upande. Jeshi la Marekani mwaka 2009 lilipotaka kupunguza kukwama kwa M4 na M16, moja ya hatua zake ilikuwa kutoa magazini mpya yenye springi iliyoboreshwa na kisukumio cha rangi ya mchanga badala ya kile cha kijani. Jeshi zima, pesa zote zile, na likaona faida kwenye magazini. Wewe je?

Magazini ya 30 iliyojaa kabisa huwa ngumu kushika bolti ikiwa imefungwa. Isukume, kisha ivute chini. Wengine wanajaza 28 kwa sababu hiyo na sioni ubaya wowote.

Kama magazini zote zinafanya hivyohivyo, hata mpya, hapo soma sehemu inayofuata, kwa sababu mara nyingi kulisha kubaya ni mwendo wa bolti uliokosea kipimo.

Bolti haimalizi safari, ama inakwenda mbio mno

Dalili za udhaifu: risasi ya mwisho ikilia bolti haikai nyuma, ganda linaanguka karibu na wewe kama limechoka, wakati mwingine ganda linabanwa mlangoni limesimama. Dalili za mbio: ganda linarushwa mbele kwa nguvu, kitako kinapiga bega kuliko kawaida, na ajabu ni kwamba bolti inaweza pia kukosa kushika nyuma ama kuipita risasi, manake imerudi mbele kabla magazini haijainua inayofuata. Dalili ni moja na sababu zinapingana, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, mtu anaweka bafa nzito kutibu bunduki ambayo tayari ina udhaifu, inazidi kuumwa.

Kipimo ni rahisi. Tia risasi moja tu kwenye magazini, piga, angalia kama bolti imekaa nyuma. Rudia kwa magazini tofauti, na angalia ganda linakwenda wapi. Kulia na nyuma kidogo ndio kawaida.

Kama ni udhaifu, fuata mpangilio huu na usiruke. Kwanza safisha na utie mafuta, kisha piga tena, kesi nyingi zinaisha hapa. Pili, lile bomba dogo la gesi juu ya karia, lishike kwa vidole ulitikise, halitakiwi kucheza hata chembe, na zile skrubu zake mbili zinatakiwa ziwe zimegongwa pembeni zisifunguke, skrubu zilizoachwa bila kugongwa hulegea na gesi inavuja. Tatu, ringi za gesi. Ingiza bolti kwenye karia, ivute mpaka mwisho wake, kisha simamisha karia wima juu ya uso wa bolti, mezani. Karia ikibaki juu ringi bado zina nguvu, ikishuka yenyewe kwa uzito wake ringi zimekwisha, badilisha zote tatu, ni vitu vya bei ya chini sana. Na hii habari ya kupanga mianya ya ringi zisielekeane usihangaike nayo, bunduki inafanya kazi vilevile. Nne, springi ya bafa, itoe uipime ikiwa imelala bila kukazwa. Ya karabini inatakiwa iwe kati ya sentimita 25.6 na 28.6, ya raifo ndefu kati ya 29.8 na 34.3. Imekuwa fupi kuliko hapo, itupe. Tano, angalia kama kuna mtu alishaweka bafa nzito kabla yako. Bafa ya kawaida ya karabini ina gramu 85 hivi, H ina 108, H2 ina 130, H3 ina 153, na herufi huwa imechorwa usoni pake. Sita, risasi. Risasi dhaifu ya mazoezi inaweza isisukume karia iliyopangiwa ya kazi.

Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni cha kuapgredi, vyote ni vya kurudisha kilichochoka mahali pake.

Kama ni mbio, hapo sasa kuna kesi ya kweli ya kubadilisha. Karabini nyingi zenye mfumo mfupi wa gesi hupata gesi nyingi kuliko zinavyohitaji, na bafa ya H ama H2 pamoja na springi mpya inapunguza kasi, inapunguza mpigo, na bolti inachelewa kidogo kufunguka wakati presha bado iko juu. Ni bei ndogo, inabadilishwa bila kugusa mtutu wala triga, na ikikukataa unarudisha ile ya zamani. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kumwombea askari ambaye raifo yake inatupa maganda mbele, ningeomba hicho. Panda hatua moja moja, usiruke kutoka ya kawaida hadi H3 kwa siku moja.

Ganda limebaki ndani ya chemba

Hii ndiyo naichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa sababu kuifungua kunachukua muda na wewe uko wazi. Ukishaitoa usilitupe ganda! Angalia ukingo wake. Ukingo ukiwa umekatika ama umenyofolewa, ekstrakta ilishika vizuri ikavuta, ganda ndilo lililogoma, kwa hivyo chemba ni chafu, ina kutu, ama presha ilikuwa kubwa mno. Ukingo ukiwa mzima, pengine una mkwaruzo tu, basi ekstrakta ndiyo iliyoteleza, springi yake imechoka ama kuna taka chini ya ukucha wake. Ganda moja linakwambia yote haya na watu hulipiga teke.

Kwa chemba, brashi ya chemba na dawa ya kusafishia, na taa. Ukiona vidoto vya kutu ambavyo havitoki, hapo ni fundi na mtutu mwingine. Kisa cha M16 kule Vietnam kinafaa kukumbukwa kila mara. Miaka ya katikati ya 60 bunduki ikawa inaacha maganda ndani na wanajeshi wakafa nayo mikononi, mpaka kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza mwaka 1967. Baruti ilikuwa imebadilishwa ikaleta uchafu zaidi na mwendo wa kasi zaidi, chemba hazikuwa na kromu kwenye hewa ile ya unyevu, na wanajeshi walipewa bunduki bila vifaa vya kutosha vya kusafishia wakiamini haihitaji kusafishwa sana. Dawa yake ikawa chemba ya kromu, bafa nzito zaidi, na vifaa vya kusafishia pamoja na mafunzo. Unyevu ule na huu wetu ni ndugu.

Kwa ekstrakta kuna kitu kidogo ambacho nakiunga mkono moja kwa moja: springi ya M4 yenye nguvu zaidi, ile ya rangi ya shaba, pamoja na kile kipande cheusi cha plastiki ndani yake. Raifo nyingi za zamani ama za bei rahisi hazina. Wengine wanaongeza na ringi ya mpira kuzunguka springi, inasaidia ikiwa bado inateleza, lakini ukizidisha nguvu ekstrakta inakataa kuruka juu ya ukingo wa risasi na bolti haifungi vizuri, umejiletea dalili mpya.

Wenye G3, yenu ina mifereji ndani ya chemba, ndio maana ganda lake linatoka na mistari ya masizi, na mifereji ikijaa kaboni ganda linagoma. Na kabla hamjalaumu springi pimeni mwanya kati ya kichwa cha bolti na karia kwa fila geji, ileile ya fundi magari, bunduki ikiwa tupu na imefungwa na nyundo imeshuka. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.1 na 0.5. Ikikaribia chini, fundi anabadilisha rola ama sehemu zinazohusika. Hiyo ni ya fundi peke yake.

Klik, haikulia

Elekeza mtutu mahali salama, ukiwa renji subiri nusu dakika, manake inaweza kuchelewa ikalia. Kisha itoe uangalie fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Kama shimo la pini ya kufyatulia ni la kina kama kwenye maganda mengine yaliyolia, risasi ndiyo mbovu. Na risasi mbovu pwani mara nyingi ni ile moja inayotiwa chemba asubuhi, inatolewa jioni, inatiwa tena kesho, miezi. Kila ikigongwa kichwa chake kinaweza kurudi ndani ya ganda, risasi ikawa fupi, na risasi fupi inapandisha presha, tena mshtuko huohuo unaweza kuharibu baruti ya fataki. Isimamishe kando ya risasi mpya, ikiwa fupi usiipige, iweke kando ikabidhiwe. Zungusheni risasi za juu jamani, hili halina gharama.

Usishtuke ukiona kidoa kidogo kwenye fataki ya risasi uliyoitoa bila kupiga, pini ya AR haina springi ya kuizuia, inagusa kidogo kila bolti ikifunga. Kidoa ni kawaida, shimo si kawaida.

Kama shimo ni la juujuu, angalia kama bolti ilifunga kabisa, safisha njia ya pini, pima pini inatokeza kiasi gani (0.71 hadi 0.91 za milimita), halafu uliza kama kuna mtu aliweka triga ya dukani. Hapa ndipo zile springi nyepesi za nyundo zinapojulikana, zinafanya triga iwe laini kama siagi na nyundo ikose nguvu ya kuwasha fataki ngumu za risasi za kijeshi.

Triga

Triga ya kijeshi ya M16 kwa vipimo vyao inavutwa kwa uzito kati ya kilo 2.5 na 4.3. Ni nzito na ina mikwaruzo, kweli. Lakini raifo ya doria inavutwa na mtu aliyekimbia, anatetemeka, ana jasho mkononi, pengine kuna watoto nyuma ya yule anayemwelekezea, na uzito ule ni rafiki yake. Tangu askari wa Los Angeles waliponaswa pale North Hollywood tarehe 28 Februari 1997, wana bastola na shotgun mbele ya majambazi wawili wenye vesti na bunduki za rasharasha, raifo imeenea kwenye magari ya doria kule Marekani kwa ajili ya kufika mbali na kupenya. Hakuna aliyelalamika siku ile kwamba triga ni nzito. Ukikosa shabaha, omba mazoezi ya kupiga bila risasi na muda zaidi wa renji, na hakikisha miwani ya shabaha haijalegea, kabla hujagusa triga.

Idara ikiruhusu, iwe triga ya hatua mbili ya kampuni inayoaminika, nyundo ya nguvu kamili, isiwe na skrubu za kurekebisha, na iwekwe na fundi aandike. Siku ya mahakama wakili ataulizia triga kabla ya kuulizia jina lako.

Na kama raifo imelia mara mbili kwa kuvutwa mara moja, ama inalia ukiachia triga, ama ukitoa sefti, hiyo si ya kuchunguza wewe. Toa risasi, iweke alama, ikabidhi leo hiihii. Wakati mwingine ni fataki iliyochomoka kwenye ganda ikaanguka chini ya triga, wakati mwingine meno yamelika, lakini kujua ni ipi ni kazi ya fundi.

Bolti yenyewe

Bolti inakufa kwa uchovu, na hapo kuibadilisha ni haki. Isafishe mpaka ikauke, chukua taa na lenzi, angalia mizizi ya yale meno, hasa mawili yaliyo kando ya ekstrakta, na lile tundu la pini ya kamu ambako ndipo panapokuwa pembamba. Ufa wowote, hata kama unywele, bolti imekwisha. Ukiomba mpya omba ya chuma cha Carpenter 158, iliyopimwa nyufa kwa sumaku, na fundi aipime na mtutu wako kwa geji ya chemba kabla ya kulia. Karabini zinamaliza bolti mapema kuliko raifo ndefu, kwa hivyo daftari la idadi ya risasi lina maana.

Kitu chochote kikishaingia, springi ama bolti, raifo ipigwe risasi za kazi, kwa magazini za kazi, mia mbili hivi, bila kusafishwa katikati. Ikikwama hata mara moja kwa sababu isiyoeleweka, chuma cha zamani kinarudi. Kwa hivyo usikitupe, kitie kwenye mfuko na karatasi yenye namba ya bunduki, tarehe, na dalili iliyofanya kitolewe, na kama bajeti ya risasi mia mbili haipo mwezi huu, acha kile chuma kipya kwenye stoo mpaka ipatikane.